Chukua Glasi, Toka Nje

Haya ni maneno niliyoyasema kwenye mkutano wa mtaa wetu, huku juu kwenye mawe, Mabatini, Mwanza, Jumapili jioni. Waliokosa mkutano wameniomba niyaandike. Nimeyaandika karibu kama yalivyonitoka.

Mwadila! Nawasalimu kwa Kisukuma.

Mheshimiwa mwenyekiti, wajumbe, wazee wangu, kina mama, na nyie vijana wa bodaboda mliozima pikipiki ili nisikike, asanteni kwa kuja. Mwenyekiti aliniambia, "Mama fundi, njoo utueleze kwa nini maji yananuka." Nikamjibu, mwenyekiti wangu, siwezi kueleza kabla sijajua wananusa nini, na wananusia wapi. Ndiyo maana mnaniona na dumu tatu hapa mezani na glasi zangu za nyumbani.

Nimeshika spana miaka 22. Simu ninayopigiwa kuliko zote ni hii: "Fundi, maji yananuka yai bovu, njoo haraka." Nikifika sifungui begi. Naomba glasi. Wengine hudhani nina kiu, wanakimbilia kuniletea soda. Naomba glasi safi, nafungua bomba, najaza nusu, nafunika kwa kiganja, natoka nayo nje mpaka uani, mbali na jiko na mbali na choo. Natikisa. Nafunua kiganja, nanusa. Halafu narudi ndani, nainama kwenye sinki, nanusa lile tundu.

Fanyeni hivyo kabla hamjampigia mtu yeyote simu. Ukisimama jikoni bomba likiwa wazi, pua yako haiwezi kujua harufu inatoka juu kwenye koki au chini kwenye tundu. Maji yakianza kushuka yanaisukuma hewa ya bombani, hewa inapanda, inakupiga usoni, na wewe macho yako yako kwenye koki. Unailaumu koki. Glasi ikiwa haina harufu nje, na tundu likakurudisha nyuma ukiinama, maji yako hayana kosa. Kosa liko chini.

Niliwahi kuitwa nyumba moja Kiseke. Mama mwenye nyumba ni mwalimu mstaafu, mtu msafi, ungeweza kula ugali sakafuni kwake. Kwa miezi miwili nyumba ilikuwa inanuka. Alikuwa ameosha simtanki mara mbili. Alikuwa amenunua chujio la bei. Alikuwa amegombana na mpangaji wa chumba cha uani mpaka mpangaji akahama. Nilichukua glasi, nikatoka nje, maji mazuri kabisa. Nikamwomba anipitishe vyumba vyote. Tukafika kwenye bafu la kijana wake, ambaye alikuwa ameenda Dodoma kusoma. Nikapiga magoti, nikamulika tochi kwenye tundu la sakafuni. Buibui alikuwa ametandaza utando ndani ya bomba. Pale panapotakiwa kuwa na maji, buibui kajenga nyumba! Nikaomba ndoo, nikamimina polepole. Tulifungua madirisha, tukanywa chai. Baada ya nusu saa harufu ilikuwa imekwisha. Yule mama alikaa kwenye kigoda akanyamaza muda mrefu, kisha akasema, "Mwanangu, hela niliyotumia ilikuwa ada ya mjukuu."

Kwa ajili ya mama yule nimekubali kusimama hapa leo.

Sasa tazameni hiki nilichoshika. Mafundi tunakiita trapu. Ni bomba lililopinda chini ya sinki au chini ya tundu la bafuni. Kila unapomwaga maji, kiasi kidogo hubaki kwenye pindo, kimo cha sentimita 5 hadi 7 hivi. Maji hayo yaliyobaki ndiyo mlango. Upande huu ni nyumba yako, upande ule ni chemba na karo, yaani shimo la majitaka, na kati yao hakuna kingine isipokuwa maji hayo. Mtengeneza saa mmoja mzaliwa wa Scotland, Alexander Cumming, alipewa hataza ya choo chenye bomba lililopinda hivi huko London mwaka 1775. Ni zamani hiyo. Na mpaka leo naingia kwenye nyumba mpya, marumaru inang'aa, dari ya jasi, lakini sinki la jikoni limeunganishwa na mpira ulionyooka mpaka ukutani. Hakuna pindo. Nyumba nzima inavuta hewa ya karo.

Ukiwa na mpira ule wa mikunjo-mikunjo, usisubiri fundi. Ukunje uwe kama shingo ya bata, ushuke kisha upande kidogo kabla ya kuingia ukutani, ufunge kwa waya usinyooke tena. Si kazi ya kudumu, maana mafuta hukwama kwenye mikunjo ile, lakini usiku huo mtalala vizuri. Trapu ya plastiki ya kufunga kwa mkono inapatikana kwenye duka lolote la vifaa vya ujenzi.

Trapu hupoteza maji kwa njia mbili. Ya kwanza ni kukauka, kama nyumbani kwa yule mwalimu. Kuanzia Juni mpaka Septemba, jua na upepo wa huku kwetu ukikausha dagaa mchana mmoja, tundu lisilotumika litastahimili? Kama una bafu la wageni, mimina ndoo kila wiki mbili. Ukisafiri, baada ya maji ongeza vijiko vichache vya mafuta ya kula. Mafuta huelea juu na kuchelewesha maji kupotea.

Njia ya pili ni kunyonywa. Mtu anaflashi choo, na sinki la jirani yake linagugumia glo-glo-glo kama mtu anayesukutua. Mlio huo usiupuuze. Maana yake bomba la majitaka linakosa hewa, kwa hiyo linavuta hewa kupitia trapu yako na kuondoka na maji yake. Angalieni bomba la hewa, lile linalopanda ukutani mpaka juu ya bati. Nimetoa humo viota vya ndege, nimetoa mfuko wa simenti, na nimekuta nyumba ambazo fundi alilikata bomba akalifukia ndani ya plasta kwa sababu mwenye nyumba alisema linaharibu sura. Jamani, liacheni lipumue.

Kuna harufu nyingine ambayo si ya karo bali ni yetu wenyewe. Sisi ni watu wa ziwa. Tunapaa sato kwenye sinki, tunaosha dagaa kwenye sinki, magamba na mchanga vinashuka. Tunakaanga, mafuta yakipoa tunayamwaga humo humo. Mafuta yakifika kwenye bomba la baridi yanaganda, yanashika magamba, yanashika ukoko wa ugali, na kila siku yanaongezeka unene. Juzi nilifungua trapu ya mama mmoja hapa hapa mtaani, nikaigonga kwenye ndoo, kikatoka kipande kizima chenye umbo la bomba, kijivu kama mshumaa, na ndani yake mna jicho la samaki. Akaniambia ameshamwaga chupa tatu za dawa. Dawa ilipita katikati, kwenye kale katundu kalikobaki.

Fungueni trapu kwa mkono. Weka ndoo chini, zungusha, toa, sugua kwa brashi ya kuoshea chupa na sabuni. Suuza kwa maji ya moto lakini si yale yanayochemka, kwa sababu bomba la plastiki hulainika na maungio huachia. Kwenye beseni la kunawia, usisahau kile kijitundu cha juu kinachozuia maji yasifurike. Mle ndani huota ute mweusi unaonuka, na hakuna anayekisafisha. Mswaki wa zamani unatosha.

Kuhusu dawa za kuzibulia, nina neno moja zito. Jiki na dawa ya choo yenye asidi visikutane kamwe, si kwenye tundu, si kwenye ndoo. Vikikutana hutoa gesi ya klorini, na bafu zetu ni ndogo, dirisha ni kama la posta.

Na kama naruhusiwa kuongeza la pili zito zaidi: hakuna mtu kuingia kwenye chemba wala karo. Hakuna. Hata kama ni simu iliyodondoka. Ile harufu ya yai bovu ni gesi ya salfa, na ikizidi huua uwezo wa pua kuisikia. Unaacha kusikia harufu, unadhani imeisha, kumbe imejaa. Anaanguka wa kwanza, ndugu yake anashuka kumwokoa, naye anaanguka. Ukimwona mtu amezidiwa chini, piga kelele, piga simu Zimamoto namba 114, lakini miguu yako ibaki juu. Vijana, nawaomba mniangalie usoni ninaposema hili.

Sasa turudi kwenye glasi. Umetoka nje, umenusa, na kweli maji yenyewe yananuka. Hapo ndipo tunaanza kuuliza bomba hadi bomba. Ni bomba moja au yote? Kama ni moja, fungua kile kichujio cha mdomoni mwa koki, utakuta uchafu. Ni ya moto tu? Kama una hita ya tanki, ndani yake kuna fimbo ya magnesi inayolinda chuma kisiliwe na kutu, na wakati mwingine fimbo hiyo pamoja na vijidudu vinavyokula salfa hutengeneza harufu ya yai. Mwambie fundi akuwekee fimbo ya alumini yenye zinki. Hita zile za kichwani bafuni hazina fimbo, kwa hiyo msidanganywe mkalipa.

Ni mabomba yote? Nenda kwenye koki ya kwenye mita, kabla maji hayajapanda kwenye tanki. Chota hapo glasi ya pili. Ya mitani ikiwa nzuri na ya jikoni inanuka, mkosaji ni tanki lako.

Nimepanda kwenye minara mingi ya simtanki hapa Mwanza, na nasema bila kuficha kwamba tunayasahau. Kifuniko kimechukuliwa na upepo, limewekwa bati na jiwe juu. Wale wadudu wa ziwani wanaokuja kama moshi jioni wanaingia kwa maelfu, wanafia humo, wanazama. Chini pana tope laini kama uji wa ulezi. Mara moja nilitoa mjusi aliyekwisha kuwa mweupe, na familia ile ilikuwa na mtoto wa miezi minane. Nilishuka ngazi huku mikono ikinitetemeka.

Tanki linaoshwa hivi. Toa maji yote, sugua kuta na chini kwa brashi na maji, bila sabuni ya unga. Toa tope. Jaza. Kwa tanki la lita 1,000 weka Jiki ya kawaida, ile ambayo chupa inasema asilimia 3.5, lita moja na nusu. Kama chupa yako ina asilimia nyingine, kipimo kinabadilika, kwa hiyo someni chupa, na isiwe ile yenye manukato. Fungua kila bomba la nyumba mpaka usikie harufu ya dawa, kisha funga na uache usiku kucha. Mtu asinywe wala kuoga. Asubuhi mwaga yote, si kwenye mchicha wala kwenye karo, jaza upya, fungua mabomba mpaka harufu ipungue. Fanyeni hivyo kila baada ya miezi sita. Na mfunike.

Ikiwa glasi ya mitani nayo inanuka, tunatoka nje ya ua wako. Ukisikia klorini kidogo, tulia, hilo si tatizo bali ni ulinzi. Shirika la Afya Duniani linataka maji yafike bombani yakiwa bado na angalau miligramu 0.2 za klorini kwa lita. Yaache kwenye ndoo iliyofunikwa kwa kitambaa safi usiku mmoja, itapungua.

Ukisikia udongo au tope, hiyo ni habari ya ziwa lenyewe. Ziwa likitulia, jua likiwaka, na mbolea za mashamba na vinyesi vyetu vikiwa vimeingia, mwani unachanua. Baadhi ya mwani hutoa kemikali iitwayo jeosmini. Mnaijua, ingawa hamkujua jina. Ni ile harufu ya mvua ya kwanza ikigonga ardhi kavu. Ni ile ladha ya tope kwenye sato wa bwawani. Pua ya binadamu ina makali ya ajabu kwa harufu hii: ukichukua nusu gramu ukaichanganya na lita milioni 48, ambazo ndizo chanzo chetu cha maji cha Butimba kilijengwa kuzalisha kwa siku, watu wenye pua nyepesi watalalamika. Jeosmini yenyewe haidhuru. Chujio lenye mkaa maalumu huipunguza sana.

Lakini nisikilizeni nyie mnaochota ziwani kwa ndoo. Maji yakiwa yamegeuka kijani kizito kama rangi ya ukutani, msiyatumie, wala msimnyweshe ng'ombe. Mwani mwingine hutoa sumu, na sumu ile haifi kwa kuchemshwa. Kuchemsha kunaua vijidudu, na hapo ndipo kazi yake inapoishia.

Ukisikia petroli au dizeli, usinywe, usipikie, na usichemshe ukidhani itatoka. Mafuta yaliyomwagika ardhini hupenya mpaka ndani ya bomba la plastiki. Toa taarifa siku hiyo hiyo mamlaka ya maji.

Na ukisikia harufu ya mtaro hasa maji yanaporudi baada ya mgao, hapo niwaonyeshe kitu. Mkitoka hapa, pitieni njia ya chini kuelekea mto Mirongo. Mtaona mabomba yetu ya nyumbani, yale meusi, yamelala ndani ya mtaro, juu ya mawe, maana mwamba hauchimbiki. Maji yakiwepo, palipopasuka panatoa mchirizi. Maji yakikatika, bomba linabaki tupu, na pale pale palipokuwa panatoa panaanza kuvuta. Linavuta nini? Linavuta kilichomo mtaroni. Maji yakirudi, nyumba ya kwanza kufungua ndiyo inayopata. Kwa hiyo maji yakirudi, ya dakika za kwanza yamwageni chooni au deki sakafu, msijaze tanki. Na mpasuko usifungwe kwa mpira wa baiskeli na mfuko wa rambo. Nunueni kiungio, kata kipande kibovu, unganisha, kisha inueni bomba litoke mtaroni, hata kwa kuliegemeza kwenye jiwe.

Nilipokuwa najiandaa, jirani yangu mzee aliniuliza, "Kwa hiyo glasi isiponuka, ninywe?" Hapana, baba. Kipindupindu hakina harufu. Mwaka 1854 kipindupindu kiliposhika London, daktari John Snow alifuatilia wafu mpaka akafika kwenye pampu moja ya mtaa wa Broad. Kulikuwa na mjane aliyekuwa amehamia mbali na mtaa ule, lakini aliyapenda mno maji ya pampu ile kwa ladha yake, akawa anapelekewa chupa. Alikufa kwa kipindupindu. Maji yale yalikuwa matamu kwake. Basi glasi inakuonyesha harufu inakoishi, na maji ya kunywa yaendelee kuchemshwa mpaka yatokote, au kutiwa dawa ya maji kwa kipimo cha kwenye chupa.

Nina mawili mafupi. Nyumba za juu ambazo zimepata yale mabomba membamba ya majitaka yanayopita juu ya mawe: yametengenezwa kupitisha kinyesi, maji na karatasi laini tu. Pampasi, taulo za kike, mchanga wa kusugulia sufuria, visiingie humo. Nyumba moja ya juu ikiziba, uchafu unatokea kwa jirani wa chini. Na wenye visima vya kuchimba: yai bovu kwenye kisima kifupi linaweza kuwa la ardhini, lakini pimeni kwanza umbali wa choo. Mita 30 ndiyo kawaida ya chini, na choo kikiwa juu ya mteremko, hata hiyo 30 siiamini.

Mwenyekiti, dumu la kwanza hapa limetoka kwenye koki ya mita ya ofisi ya mtaa. La pili ni la bomba la jikoni hapo hapo ofisini, kupitia tanki la juu. La tatu nimechota kwenye mtaro, na limefungwa, msilifungue. Glasi ziko kumi. Shikeni mbili za kwanza, funikeni kwa kiganja, nendeni pale kwenye mwembe, tikiseni, nuseni, kisha mje mniambie tanki la ofisi yetu limeoshwa lini. Majibu nitayaandika kwenye daftari hili. Jumamosi saa tatu asubuhi nitaanza ukaguzi na nyumba zilizo juu ya jiwe kubwa, nikishuka. Kila nyumba itafute ngazi, tochi, na ufunguo wa chemba. Wabeja sana, asanteni sana.